Masikio Mezani

Jumatano ya tarehe 6 Novemba 2019, saa nne na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane alitia saini kwenye daftari la kliniki ya masikio kuonyesha kwamba amepokea shimesikio mbili za kuchaji, vifaa vidogo vya kumsaidia kusikia: yenye alama nyekundu kwa sikio la kulia, yenye alama ya buluu kwa sikio la kushoto. Saini hiyo bado ipo, na mtu akitaka anaweza kwenda kuiona. Mkia wa herufi ya mwisho umeruka hadi mstari wa juu. Kalamu ilikuwa bado inatembea pale aliposikia mkwaruzo wake kwenye karatasi, na mkono ukashtuka.

Alikuwa amefanya kazi ya karatasi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakukumbuka mara ya mwisho karatasi ilimsemesha lini. Basi akaanza kulifunua lile daftari la watu, ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma, bila kuomba ruhusa. Dada wa kliniki aliyekuwa zamu alimwacha. Alikuwa na mambo ya kueleza na hakuwa na muda mrefu: namna ya kusafisha vifaa kila jioni, vitu gani visiviguse kamwe, na kile kichujio kidogo cha kuzuia nta, kinachokaa kwenye ncha ya waya, kibadilishwe lini. Mume wa yule mwanamke aliketi upande wa pili wa meza, miwani puani, akasikiliza kwa niaba ya watu wawili. Aliuliza maswali matatu. Aliomba aishike brashi mwenyewe. Mkewe hakuchukua hata neno moja la somo hilo, ingawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na masikio ya kulisikia. Alikuwa anasikiliza karatasi.

Ndivyo kazi ilivyogawanyika bila mtu kuigawa. Mke avae, mume asafishe.

Mtaani walimwita Bi Uzi. Jina alilipata kwenye kiwanda cha uchapaji, alikokuwa akishona vitabu: kukunja kurasa, kuzipanga, kuzipiga uzi mgongoni, kupaka gundi, kubana kwenye jiliwa hadi kesho yake. Mashine ya kukunja ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, na haikunyamaza tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Iliondoka na masikio yake kidogo kidogo. Kwanza ndege, halafu herufi nyembamba za maneno, halafu maneno yenyewe. Alipoacha kazi alibaki na ufundi na meza. Shule mbili na ofisi moja ya mawakili ziliendelea kumletea madaftari ya mahudhurio na majalada yaliyofumuka, naye aliyashona upya kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake.

Mumewe alikuwa fundi saa. Miaka ya mwisho alifunga kibanda chake cha mjini akahamishia kazi nyumbani, meza yake ikakaa chini ya dirisha la pili la chumba kilekile, hivyo wawili hao walishinda wakipeana migongo, mmoja na uzi, mwingine na skrubu zisizoonekana. Majirani walisema ile nyumba mke hasikii na mume haoni mbali, hawana cha kugombania.

Saa kumi na mbili na nusu ya kila jioni fundi alifuta meza, akatandika kitambaa cheupe, akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Bi Uzi alivua masikio. Ndivyo walivyoyaita nyumbani, masikio, kana kwamba yale ya nyama hayahesabiwi. Aliyaweka kwenye kile kiganja, na tangu hapo hadi asubuhi ulimwengu ulizimika. Fundi alivaa lenzi yake ya jicho moja, akainama. Kutoka upande wake wa chumba Bi Uzi aliona mabega, kiwiko kinachocheza, brashi, kijiti, koleo, chupa ya spiriti. Fundi alipogeuza uso kutafuta mwanga aliona midomo yake ikienda. Alidhani anahesabu, maana mafundi saa wana tabia ya kuhesabu meno ya magurudumu. Baada ya robo saa vifaa vilikuwa ndani ya kasha la kuchajia, kila kimoja kwenye nafasi yake, taa mbili zikipepesa rangi ya machungwa. Asubuhi zilikuwa kijani.

Mara moja tu, mwaka wa kwanza, Bi Uzi aliomba ajifunze. Fundi alimtazama vidole.

"Mke wangu, hivyo vidole vina gundi ya miaka thelathini. Utayashona hayo masikio."

Walicheka, na habari ikaishia hapo.

Fundi alifariki Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa amesimama kwenye foleni posta. Kutoka siku ya kliniki hadi siku hiyo ni jioni elfu moja mia moja tisini na tatu, na hakuna hata moja aliyoiruka.

Bi Uzi aliendelea na sehemu yake ya kazi. Jioni alivua, akaweka kwenye kasha. Asubuhi aliona kijani, akavaa. Kijani ndiyo iliyomdanganya. Taa ya kijani husema betri imejaa. Haisemi lolote juu ya njia ya sauti. Kwenye ncha ya kila waya, ndani ya kikofia cha mpira kinachoingia sikioni, kichujio chenye upana wa kichwa cha pini kiliendelea kupokea nta ya siku baada ya siku, na hakuna mtu aliyekigusa.

Kufikia Mei alikuwa amepoteza minong'ono. Kufikia Julai alikuwa anawatazama watu midomo tena, kama enzi za kiwandani. Alibonyeza kitufe cha kuongeza sauti, kikaongeza mvumo. Mwezi wa nane mjumbe wa ofisi ya mawakili aligonga lango karibu nusu saa, akiwa amebeba majalada kumi na manne, kisha akapenyeza karatasi chini ya lango na kuondoka. Bi Uzi alikuwa hatua tano kutoka hapo, mgongo umeelekea dirisha, anatoboa matundu ya uzi. Hakumwambia mtu. Watu waliona ananyamaza wakasema ni msiba. Yeye mwenyewe alijua sivyo, lakini alijua vibaya: aliamini masikio yamekwisha, kwamba ule mngurumo wa mashine umemalizia kazi yake, na hakuna tena kifaa cha kumfaa.

Alikuwa na miadi ya kliniki mwezi wa saba. Kadi ilikuwa ukutani, tarehe imeandikwa kwa mkono wa fundi, na siku ilipofika aliipita kama mtu anayepita nje ya nyumba ya mdai. Neno "yamekwisha" likishatoka kliniki lingemfikia mwanawe, na mwanawe angefanya kile anachoona ni sawa.

Mtoto ni huyo mmoja. Anasimamia maghala katika mji mwingine, safari ya saa saba kwa gari, na anaishi na mkewe ghorofa ya nne. Tangu wiki ya mazishi alikuwa anasema kuna chumba nyuma ya jiko, kina dirisha, mama njoo. Mama alikuwa anasema atafikiria. Kilichomaliza kufikiria kwake ni bomba la jikoni, ambalo wiki ya pili ya Oktoba alilifungua ajaze ndoo, akakumbuka gundi iko motoni chumba cha mbele, na hakusikia maji. Yalitoka mlango wa nyuma, yakazunguka nyumba, yakafika njiani. Jirani aliyeyaona hakumpigia yeye. Alimpigia mwanawe.

Mwana alipiga jioni hiyo, na kati ya maswali manne aliyouliza mama alijibu moja. Kisha ukaja ujumbe wa maandishi. Jumamosi tarehe 21 angekuja na gari la mizigo. Kila kitu kimepangwa. Meza ya kazi haitapita kwenye ngazi, watatafuta mtu wa kuichukua.

Aliandika, "Sawa mwanangu," akaenda kuitazama hiyo meza. Ni mbao nzito, ndefu kama kitanda, imejaa mikato ya visu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Alikuwa na siku tisa. Akiweza kusikia mtu anayegonga lango, simu inayolia na bomba linalomwagika, atabaki na nyumba na meza na kazi. Asipoweza, ataishi chumba cha nyuma cha mwanamke mwingine, mikono mapajani.

Siku saba za kwanza hakufanya kitu. Alhamisi, tarehe 19, alikaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha fundi.

Alitandika kitambaa cheupe. Alivaa lenzi, ikaanguka, akaivaa tena kwa kuibana na shavu. Akafanya alichokuwa ameona. Alikuwa ameona chupa ya spiriti ikifunguliwa jioni elfu moja na zaidi, hivyo aliifungua. Aliona haya kidogo kwa ile miezi yake minane isiyo na usafi, akataka kufidia. Alilowesha pamba akapangusa kifaa cha kulia nje kote. Kisha akakichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti na kukipitisha juu ya matundu mawili madogo mgongoni mwa kifaa, yale ambayo sauti huingilia, mara tatu, mara nne, akikandamiza. Kwa kuwa ncha ndiyo iliyokuwa na uchafu unaoonekana, aliidondoshea tone zima na kuliacha liingie. Alisubiri likauke, akageukia cha kushoto, na hapo pamba ikawa imekwisha. Alikipangusa cha kushoto kwa kitambaa kikavu tu. Akaviweka kwenye kasha.

Ijumaa asubuhi taa ya kushoto ilikuwa kijani. Ya kulia ilikuwa nyekundu, inapepesa. Alikitoa, akakirudisha, akachomoa waya wa kasha ukutani na kuuchomeka tena. Nyekundu. Alikivaa hivyo hivyo. Sikio lilikuwa limezibwa tu, kama na kidole. Cha kushoto kilikuwa kama jana: sauti kama inayotoka chumba cha tatu.

Wifi alikuja saa nane mchana, kama kila Ijumaa. Ni dada mkubwa wa fundi, mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke aliyezoea kuita watoto mia tatu kwa mdomo mtupu, na ndiyo sababu kati ya watu wote ndiye pekee aliyekuwa bado anamfikia Bi Uzi, akikaa karibu na kupaza sauti. Hata hivyo mwezi huo alikuwa amepunguza. Alikuwa anakuja, anakunywa chai, anasema machache, anaondoka. Bi Uzi alifikiri amemchoka.

"Siku hizi naongea na ukuta," wifi alisema akijitupa kitini. "Afadhali ukuta, wifi. Nikiugonga unaitikia."

Bi Uzi alisoma midomo akapata nusu, akatabasamu kwa yote. Wifi akanusa hewa mara mbili, kama anayekagua sufuria.

"Mbona humu ndani kunanuka sindano?"

Hilo alilisema kwa nguvu, sikioni, na Bi Uzi akalipata. Akaeleza. Alieleza kwa mpango, kama mtu anayekiri kituoni: bomba, ujumbe wa mwanawe, Jumamosi ambayo ni kesho, na jana jioni, jinsi alivyoyasafisha masikio kama marehemu alivyokuwa akiyasafisha. Kwa spiriti. Na moja limekufa.

Wifi aliweka kikombe chini.

"Spiriti uliitia ndani ya masikio?"

"Nilimwona. Kila siku. Kwa macho yangu haya."

"Ulimwona. Hukumsikia."

Bi Uzi alimtaka arudie, naye akarudia, polepole, uso kwa uso. Kisha akasimulia jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyewahi kulitaja. Mdogo wake alifundishwa saa na mzee mmoja mkali ambaye mwanafunzi wake hakuruhusiwa kugusa kitu kabla ya kukitamka. Nashika koleo. Natoa skrubu ya juu. Aliyeruka neno alianza kazi upya, hata kama mkono haukukosea. Miaka arobaini baadaye fundi alikuwa bado hawezi kufungua hata kopo bila kulitangaza. Mwaka 2021 wifi alipovunjika mguu alikaa hapa miezi mitatu, kwenye kiti kilichokuwa pembeni ya ile meza, na jioni zote alimsikia.

"Alikuwa anasema kila kitu, wifi. Kila siku, maneno yaleyale. Spiriti ni ya koleo na vidole, haigusi kifaa. Brashi kavu. Matundu yatazame chini, uchafu uanguke, usiusukume ndani. Mimi nilichoka. Siku moja nikamwambia, wewe, mwenyewe ameshavua, sasa unamfundisha nani?"

"Akasemaje?"

"Akasema, simfundishi mtu, nikinyamaza nakosea."

Somo lile lile la kliniki lilikuwa limesomwa tena katika chumba hiki mara elfu moja mia moja tisini na tatu, kwa sauti ya kawaida, hatua nne kutoka kwenye kiti chake, na kila mara masikio yake yalikuwa mezani.

"Na mengine?" aliuliza. "Midomo haikuwa inasimama. Robo saa nzima. Alikuwa anasema nini kingine?"

Wifi alifikiri kwa uaminifu. "Kulikuwa na mengine. Ya siku hiyo, ya watu. Sikusikiliza, wifi. Nilikuwa nakunywa chai."

Walifungua droo ya juu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kama ilivyo droo ya fundi saa: brashi ya nywele laini, vikofia vya mpira kwenye mfuko, kikopo cha kukaushia chenye punje za kunyonya unyevu, na pakiti bapa ya vijiti vyeupe, viwili vimebaki. Kwenye kifuniko fundi alikuwa ameandika tarehe za kila alipobadilisha. Ya mwisho ilikuwa 29 Januari.

Wifi hakuwahi kushika kitu kidogo kuliko mwiko, hivyo alikaa kitini akasema, na Bi Uzi akafanya. Wifi alijaribu kukumbuka kwa sauti ya mdogo wake, akakohoa, akaendelea kwa yake. Natoa kikofia. Kikofia cha kifaa cha kushoto kilitoka. Chini ya lenzi kichujio kilikuwa duara dogo lililopaswa kuwa jeupe. Lilikuwa la kahawia, limejaa pomoni, kama punje ya mtama iliyounguzwa. Kijiti kina ncha mbili, tupu na yenye kichujio kipya. Nasukuma ncha tupu. Navuta wima, sipindi. Kichujio cha zamani kilitoka kwa mkwanyuo mdogo alioupata kwa vidole. Nageuza kijiti. Nabana kipya. Navuta. Vidole vyake havikunata popote. Kushona mgongo wa kitabu chenye kurasa mia sita ni kazi nyembamba kuliko hiyo, na alipomaliza alifikiria kumwambia hivyo mtu, na mtu huyo hakuwapo.

Kwenye mashimo ya kasha, pale vyuma vinapogusana na kifaa, alipitisha pamba kavu baada ya kuchomoa umeme. Alibadilisha kichujio cha kulia pia, cha mwisho kwenye pakiti. Hakikuwaka. Walikitia kwenye kikopo cha kukaushia wakakifunga.

Akavaa cha kushoto.

Kitu cha kwanza kuingia kilikuwa mluzi. Alidhani kifaa kinapiga kelele, akakibonyeza. Mluzi uliendelea, ukiingia na kutoka, ukiingia na kutoka. Aligeuza kichwa akaufuata hadi ulipotoka. Ulikuwa kifua cha wifi.

"Unapumua hivyo tangu lini?"

Wifi aliacha kukoroga chai. Sasa hakuhitaji kupaza sauti na hakupaza.

"Tangu Juni."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Nimekwambia humu humu, nikiwa nimekaa hapa. Nilisema wanataka kunipima kifua nami naogopa." Akanyanyua kijiko, akakitazama, akakirudisha kikombeni. "Ukatabasamu."

Bi Uzi aliomba msamaha, wifi akasema ameshasamehe Julai, kwamba mpishi akikasirika anachoma chakula mwenyewe. Walizungumza hadi saa kumi na moja. Wifi aliyarudia mambo ya miezi mitano kwa ufupi, harusi ya mtoto wa jirani, mwalimu mkuu mpya asiyekula mchana, na Bi Uzi aliyasikia yote kwa upande mmoja. Alipomsindikiza hadi langoni aliusikia mluzi ukipungua njiani mpaka ukaisha.

Akarudi ndani. Kwa muda wa miezi alikuwa ameamini kwamba nyumba ina sauti asizozipata. Sasa alikuwa na sikio zima akazisubiri. Jokofu lilivuma, likaacha. Viatu vyake mwenyewe vilikwaruza sakafu. Alivuta uzi kupitia kwenye karatasi kama kujaribu, ukalia kama alivyoukumbuka. Baada ya hapo hakukuwa na kingine. Chumba kilikuwa kimya hivyo hivyo kilivyokuwa jana, tofauti ni kwamba leo kimya hicho kilikuwa cha kweli na hakukuwa na kifaa cha kukilaumu.

Saa kumi na mbili na nusu alivua. Alisafisha kile kimoja kwa brashi kavu, matundu chini, akitamka kila hatua. Hakujua kama alikuwa ananong'ona au anapiga kelele.

Mwanawe alifika saa tano ya Jumamosi, na dereva, na maboksi kumi na mawili yaliyokunjwa. Aligonga mara tatu. Lango lilifunguka kabla ya ya nne. Alimsalimia mama shikamoo, akasimama pale na mkono bado juu, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kusukuma mlango mzito akaukuta uko wazi.

Hakuamini haraka, na hilo ni haki yake. Alimwacha mama chumba cha mbele akaenda jikoni, akauliza kwa sauti ya kawaida chumvi inakaa wapi. Mama akajibu ni rafu ya chini, na amwambie dereva aingie asikae juani. Alirudi, akapita nyuma yake, akasimama upande wa kulia akasema jambo. Mama aliendelea kukunja kitambaa. Akalisema tena. Hapo ndipo alipogeuka, kwa kuona kivuli.

Basi akaambiwa yote, na chupa ya spiriti akaonyeshwa. Alisikiliza akikuna kidevu kama baba yake. Aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Mama alisema angemwambia nini, mwanamke mzima ameyaogesha masikio kwa dawa ya majeraha. Dereva, mlangoni, alicheka akajifanya anakohoa.

Mwana hakucheka.

"Mama, unafikiri nimekuja kwa sababu ya bomba. Bomba linafungwa. Mimi nikipiga simu hapa, unasema sawa mwanangu kwa kila kitu. Nilikwambia mke wangu mjamzito, ukasema sawa mwanangu. Baba hayupo. Na wewe nikawa nakukosa hivyo hivyo, na uko hai."

Bi Uzi alishika ukingo wa meza. Aliuliza miezi mingapi. Minne, alisema mwana. Alikuwa amemwambia mwezi wa nane.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu na mengi yalirudiwa. Mwana alitaka aende nao hadi mtoto azaliwe. Mama alisema atakwenda mtoto akizaliwa, kama mgeni, na begi, na atarudi. Mwana alisema sikio moja si masikio. Mama alisema ndiyo, lakini limesikia lango. Alitaja majalada kumi na manne ya mawakili, ambayo waliyarudisha alipowaandikia, na kwamba kwenye ghorofa ya nne hakuna wa kumgongea. Mwana alitazama meza, akaipima kwa macho, akatikisa kichwa. Ni kweli haikuwa na namna ya kupita. Saa tisa dereva alirudisha maboksi garini, bado yamekunjwa.

Walikubaliana hivi. Jumatatu saa mbili asubuhi Bi Uzi atakipeleka kliniki kifaa chenye alama nyekundu, ndani ya kikopo chake, na ataomba somo la usafi afundishwe yeye. Kama kinatengenezeka, atakisubiri wiki tatu. Mwanawe atapiga simu kila siku saa kumi na mbili kamili, kabla hajavua. Siku mbili zikipita bila jibu, au mama akijibu sawa mwanangu kwa swali ambalo si la sawa, gari litarudi. Na Alhamisi, wifi anakwenda kupimwa kifua. Bi Uzi atamsindikiza, na kwenye benchi la kusubiri atakaa mwisho wa kulia, wifi awe kushoto kwake.